Joginder Singh, Simba wa Kenya, na Anglia ya Babu

Mlezi wa chama chetu alipotutaka tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kututangulia mbele ya haki, wenzangu wa kidato cha tatu waliwakimbilia wanasiasa na washairi. Mimi nimemchagua dereva. Msinicheke kwanza. Ninayo sababu, na sababu yenyewe inanitia haya, lakini mficha uchi hazai, kwa hivyo nitaisema yote.

Nyumbani kwetu hapa Milimani, nyuma ya nyumba, chini ya mjakaranda, kuna gari la babu yangu. Ni Ford Anglia, lile gari dogo la Kiingereza lililoundwa kutoka 1959 hadi 1968. Anayeliona mara ya kwanza lazima asimame, maana kioo chake cha nyuma kimelala kinyume. Badala ya kuteremka kuelekea buti kama vioo vya magari mengine, kimeingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa. Babu alikuwa fundi wa magari kabla ya uzee kumkalisha. Alilinunua likiwa kuukuu mwaka 1977, akang'oa injini yake ndogo akatia ya Ford Cortina ya sisi 1500, akanyanyua springi, akachomelea vyuma vizito mbele ya grili, akafunga taa nne kubwa kama macho ya bundi, na boneti akaipaka rangi nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige machoni. Kisha akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika kwenye mlango kwa mkono wake: SIMBA.

Tangu siku hiyo gari lile halijawahi kupigwa rangi tena. Samawati yake imepauka hadi inafanana na jivu. Mlango una mabonde, madigadi ya nyuma yameliwa na kutu, na kiti cha dereva kimechukua umbo la babu. Mimi nililiona ni takataka. Hata wenzangu walipokuja nyumbani niliwapitisha mlango wa mbele wasilione.

Basi likizo ya Agosti mwaka 2025 baba mdogo alikuja na wazo. Eti gari lipelekwe kwa fundi wa bodi, linyooshwe, lipigwe rangi nyekundu inayometameta, liwekwe bampa za kung'aa, halafu likodishwe kwenye maarusi. Pesa zitakazopatikana zilipe karo yangu, ambayo kwa kweli ilikuwa imerudi nyuma sana. Nilifurahi ajabu. Asubuhi iliyofuata, kabla mtu hajaniagiza, nilichukua msasa na ndoo ya maji nikaanza kazi kwenye mlango. Nilisugua kwa bidii ya mchwa. Babu alipotoka na kikombe chake cha chai, herufi S na I zilikuwa zimekwisha kwenda na maji.

Hakunipiga. Hakunigombeza. Alitazama mlango, akaweka kikombe juu ya kigoda, akarudi ndani. Chai ilikaa pale mpaka ikafanya utando. Heri angenichapa. Jioni ndiyo akaniita tukae naye kando ya gari, akaanza kunisimulia habari za Joginder Singh. Mengine nimeyatafuta mwenyewe baadaye, na haya ndiyo niliyoyapata.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Kericho si mbali nasi, ni kuupanda Mau na kushuka upande wa pili kwenye mashamba ya chai. Alikuwa Singasinga, na wengi wa watu wake katika nchi hii walijulikana kwa kazi za mikono: seremala, mhunzi, fundi. Baba yake alikuwa na gereji Nairobi, na huko ndiko kijana alikopata elimu yake ya kweli, mikono ikiwa na grisi na kichwa kikiwa ndani ya boneti. Kuna madereva wanaojua kuendesha tu. Gari likikohoa wanashuka na kupiga simu. Joginder hakuwa wa aina hiyo. Alilijua gari kwa ndani kabla hajalijua kwa mbio.

Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki awe fundi wa barabarani, wa kwanza kabisa kushika kazi hiyo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Hebu fikiri, mpenzi msomaji: gari moja limepasuka rejeta, jingine limekatika mkanda wa feni, la tatu limezama kwenye tope hadi milangoni, na wewe una sanduku la spana tu. Babu anasema hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Mimi naona pia kwamba aliyezoea kuwanasua wengine matopeni ndiye atakayejua namna ya kutonaswa mwenyewe.

Sasa niseme kidogo juu ya mashindano yenyewe, maana wengine mnadhani Safari Rally ilianza juzi kule Naivasha. Ilianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara za kawaida ambako ng'ombe, malori na watu wanaotoka sokoni waliendelea na shughuli zao. Tena yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua ya masika inapoanza. Vumbi asubuhi, tope jioni. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyorudi. Saba! Joginder alikuwa mmoja wao, akiwa na Fiat 2300, akashika nafasi ya nne. Na gari lililochukua nafasi ya pili mwaka huo, msishangae, lilikuwa Ford Anglia, ndugu yake hili la babu. Mwaka uliofuata Ford Cortina ikashinda. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini babu aliunganisha bodi ya moja na injini ya nyingine. Kumbe hakuwa akibahatisha.

Joginder alikuwa ameanza kushiriki mwaka 1959 pamoja na nduguye Jaswant. Lakini mwaka uliomfanya awe Joginder ni 1965, na hapa nitakaa kidogo.

Kiwanda cha Volvo kutoka Uswidi kilikuwa kimeleta magari yake katika Safari ya 1964, na mambo hayakuwaendea vizuri. Moja ya magari hayo, aina ya PV544, Joginder alilinunua. Gari la mtumba, limekwisha kupigwa na barabara za kwetu, na juu ya hayo limepitwa na wakati. Nimeona picha zake. Limevimba mgongoni kama kobe, madigadi yake yamejaa kama mashavu ya mtu anayepuliza tarumbeta, na pua ni ndefu. Umbo lake lilichorwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, gari la kwanza la namna hiyo likaonyeshwa Stockholm mwaka 1944, na waliolichora walikuwa wakiyatazama magari ya Kimarekani ya miaka ile. Kwa hiyo mwaka 1965, watu wakishapenda magari yenye pembe na mistari iliyonyooka, hili lilionekana kama babu aliyeingia kwenye disko. Hata Volvo wenyewe walikuwa na gari jingine la kisasa tangu 1956, na PV544 walikuwa wakijiandaa kuliaga.

Lakini chini ya mgongo ule wa kobe kulikuwa na injini ya sisi 1778, na bodi yenyewe ilikuwa ngumu kama jiwe la Menengai. Joginder na Jaswant walilifungua, wakalikagua, wakalifunga upya kwa mikono yao, wakijua kila sukurubu inakaa wapi.

Nikitoka nje ya njia kidogo: huko Marekani, hasa California, vijana walikuwa na mchezo unaofanana na huu. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 walichukua Ford kuukuu za miaka ya 1920 na 1930 ambazo hakuna aliyezitaka, wakang'oa madigadi, wakapunguza kimo cha paa, wakatia injini kubwa za silinda nane, wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka. Yalikuwa magari ya ajabu kuyatazama. Baadhi ya magari hayo yapo hadi leo, na nimesoma kwamba wapo wenye kuyapenda zaidi yale ambayo hayajaguswa, yenye rangi ileile iliyochubuka na alama za nyundo za kijana aliyeyaunda. Ukipiga rangi mpya unapata gari zuri, lakini yule kijana unakuwa umemfuta. Niliposoma hayo uso ulinipamba moto, nikakumbuka msasa wangu.

Turudi kwa Joginder. Safari ya 1965 alianza akiwa na namba moja mlangoni. Kuanza wa kwanza kuna uzuri wake, huli vumbi la mtu. Lakini pia wewe ndiwe unayelipima tope kwa wenzako, na mto ukiwa umefurika wewe ndiwe wa kwanza kuujua. Ndugu wawili wale na mtumba wao wa Kiswidi walikwenda na kurudi, na walipofika mwisho walikuwa wamemwacha wa pili, aliyekuwa na Peugeot 404, kwa zaidi ya saa moja. Viwanda vikubwa vilikuja na magari mapya na makanika wa kulipwa. Nchi yetu ilikuwa na umri wa miezi michache tu tangu iwe jamhuri, na Joginder akawa dereva wa kwanza asiye Mzungu kushinda Safari. Babu alikuwa kijana mdogo, anafunza mikono gerejini kwa kufua matambara na kushika taa. Anasema siku ile mafundi wote, Waafrika na Wahindi, waliweka spana chini wakasikiliza redio, na hata tajiri hakuthubutu kuwaambia warudi kazini.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo PV544 ya mwisho ilitoka kiwandani. Liliaga likiwa bingwa.

Watu walimpachika majina. Wageni walimwita Singasinga Anayeruka, na sisi tukamwita Simba wa Kenya. Mwaka 1968 mvua ilifanya ukatili tena: yaliondoka magari 93, yakamaliza 7, na Joginder tena yumo, nafasi ya tano, safari hii na Datsun. Nadhani mtu akimaliza mashindano ya aina hiyo mara moja ni bahati, lakini mara mbili kati ya saba? Hapo hakuna bahati. Ni masikio. Babu anasisitiza sana jambo la masikio. Kulingana naye, dereva mzuri huzima redio.

Ushindi wa pili ulikuja mwaka 1974. Joginder alikuwa na Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR, gari dogo la Kijapani ambalo wengi hawakulihesabu, na pembeni yake msoma ramani David Doig. Aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi na Porsche 911. Kwa wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kuingia katika ubingwa wa dunia, toka 1973, na ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa huo. Nafikiri Wajapani bado wanamshukuru. Mwaka 1976 alirudia na gari aina ileile, na msoma ramani yuleyule, na Lancer nyingine mbili zikamfuata nyuma yake. Akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Ilikuwa ni mmojawapo wa miaka hiyo ambapo babu alimwona kwa macho yake. Alikuwa amesimama kando ya barabara ya murramu upande wa Mau tangu alfajiri, amefunikwa gunia kwa sababu ya baridi. Lilipokuja, kwanza walisikia mlio, halafu wakaona taa ndani ya ukungu, halafu gari lenyewe, limejaa tope hadi paa, bampa imekunjika, kioo cha pembeni hakipo. Ndani akaona kilemba. Lilipita muda wa kupepesa jicho. Hicho ndicho alichokipenda babu, si gari linalometameta dukani, bali gari linalobeba habari ya lilikotoka. Alipopata pesa mwaka 1977 akaunda la kwake.

Kwa jumla Joginder alishiriki Safari mara 22 kati ya mwaka 1959 na 1980, na akamaliza mara 19. Kwangu mimi hesabu hiyo ndiyo kubwa kuliko ule ushindi mara tatu. Wenye mbio kumshinda walikuwepo, na wengi wao waliishia kwenye mtaro. Baadaye umri ulimpeleka mbali na barabara zetu, na alifariki Uingereza Oktoba 2013 akiwa na miaka 81. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikuwa hata nimejiunga na nasari. Babu anakumbuka alizisikia habari hizo akiwa chini ya gari la mteja. Alimaliza kazi kwanza, halafu akatoka.

Nikiri kwamba Machi 2025 nilikwenda kuona mashindano Soysambu na marafiki. Magari yalikuwa ya kutisha kwa kasi, sikatai, na kelele zake bado ninazo masikioni. Lakini gari likigongwa asubuhi, jioni makanika wake wamebandua bamba lote na kuweka jipya, kesho yake linaondoka kana kwamba halijawahi kuguswa. Wakati ule nilidhani huo ndio ustadi wa mwisho. Siku hizi sina hakika.

Sasa mtaniuliza, na ile Anglia? Ubishi uliendelea hadi Krismasi. Baba mdogo si mtu mbaya, naomba nimtendee haki. Alikuwa akiniwazia mimi, na karo hailipwi kwa hadithi. Alimweleza babu kwa heshima kwamba gari lililokaa chini ya mti halileti hata shilingi, na kwamba fundi wa bodi alikwisha kukubali bei. Babu hakubishana. Aliniambia nichukue daftari, akatuzungusha gari lote akigusa bonde moja baada ya jingine, na mimi nikaandika. Hili la mlangoni ni punda wa Njoro. Huu mkwaruzo ni siku alipompeleka nyanya hospitalini usiku, mvua inanyesha, ndiyo usiku aliozaliwa baba mdogo mwenyewe. Hapo baba mdogo akanyamaza, akagusa mkwaruzo kwa kidole. Tuliandika mabonde na mikwaruzo 31. Kuna mmoja babu alikataa kuueleza, akacheka tu.

Gari halikupelekwa kwa fundi. Karo nayo haikuanguka kutoka mbinguni. Babu, na umri wake wote, alitoa sanduku lake la spana na kuanza tena kutengeneza magari ya majirani siku za Jumamosi, na mimi ndiye ninayeshika taa. Goti lake la kulia linamuuma akiinama, kwa hivyo kazi za chini ya gari nazifanya mimi, naye anasikiliza kutoka kwenye kigoda na kunituma spana ya namba fulani kabla sijaona tatizo liko wapi. Karo ya muhula wa kwanza tumeimaliza. Ya wa pili imebaki nusu.

Kabla ya shule kufunguliwa nilikwenda mjini nikanunua kopo dogo la rangi nyeupe na brashi kwa pesa zangu, nikamwomba babu ruhusa niiandike upya S na I. Aliliangalia kopo, akaliangalia gari, akaniambia niiweke hiyo rangi ndani. Kisha akaniagiza nilifungue daftari na kuongeza namba 32: mjukuu na msasa, Agosti 2025.

Kwa hivyo hadi leo, mkipita kwetu Jumamosi mkasikia injini ya Cortina inanguruma nyuma ya nyumba, mtakuta mlangoni pameandikwa MBA. Mtoto wa jirani alimuuliza babu kama ni gari la kubeba dawa ya nywele.